Batri ya pili ndani ya gari: kulala barabarani na kuamka gari ikiwaka

Saa kumi na moja ya alfajiri mvua imekatika. Magari yaliyolala kwenye foleni mbele ya shimo la matope yanaanza kuamka moja moja. Dereva wa Land Cruiser anaingia, anageuza ufunguo, na chini ya kapo inatoka sauti moja tu: tik. Anajaribu tena. Tik. Usiku kucha taa ya ndani iliwaka, abiria walichaji simu kwa zamu, na redio iliimba mpaka ikanyamaza yenyewe. Sasa gari iko ndani ya matope, hakuna mteremko wa kuisukumia, na nyuma amelala mama mjamzito ambaye alipaswa kufika hospitali jana jioni.

Kila dereva wa barabara za mashariki ya Kongo anaijua asubuhi ya namna hiyo. Iko kwenye barabara ya kitaifa nambari 3 kutoka Bukavu kuelekea Walikale na Lubutu, iko kwenye njia ya Shabunda, iko upande wa Beni na Mambasa wakati wa mvua. Safari iliyopangwa kwa siku moja inakuwa siku tatu, na gari inageuka nyumba: inatoa mwanga, inachaji simu, inapoza dawa ao chakula. Lakini gari haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ilitengenezwa na batri moja, na kazi ya batri hiyo ni kuwasha motere.

Katika nchi kama Australia, na kusini mwa Afrika, watu wanaopenda kusafiri porini na kulala ndani ya magari yao walikutana na shida hii zamani. Jibu lao ni rahisi kulisema: batri ya pili, iliyotengwa na ile ya kwanza. Ya kwanza inalindwa kwa ajili ya kuwasha gari tu. Ya pili inabeba kazi zote za usiku. Ikiisha, taa zinazimika, lakini asubuhi gari inawaka. Kule ni jambo la starehe na likizo. Huku, ambako watu wanalala njiani bila kupenda, linaweza kuokoa safari, pesa, na wakati mwingine maisha.

Ufungaji wake unaweza kufanywa na elektrisie yeyote mzuri wa magari. Lakini ukifanywa vibaya, unaweza kuchoma gari nzima. Kwa hiyo ni vizuri mwenye gari mwenyewe aelewe kinachofanyika, hata kama si yeye atakayeshika funguo.

Kwa nini batri moja haitoshi

Batri ya asidi na risasi (madini, si ile ya bunduki) iligunduliwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na mpaka leo ndiyo iko chini ya kapo za magari karibu yote. Kuna aina mbili kubwa, na kwa macho zinafanana.

Batri ya kuwashia ina sahani nyingi nyembamba ndani. Inaweza kutoa nguvu nyingi sana kwa muda mfupi. Demarere ya motere kubwa ya mazuti inaweza kuvuta ampere 300 ao zaidi. Lakini inavuta kwa sekunde chache tu. Ampere 300 kwa sekunde 3 ni robo moja tu ya ampere-saa. Kisha alternateri inairudishia umeme huo baada ya dakika chache za kutembea. Kwa hiyo kuwasha gari hakumalizi batri, kama wengi wanavyofikiri.

Kinachoimaliza ni kitu kidogo kinachowaka kwa muda mrefu. Taa mbili kubwa za mbele, pamoja na zile ndogo za nyuma, zinakula karibu ampere 10. Zikisahauliwa kwa saa 8, zimekula ampere-saa 80, yaani batri nzima ya magari mengi. Na batri ya kuwashia haivumilii kumalizwa hivyo. Kila mara inapokaushwa, sahani zake nyembamba zinaharibika, na baada ya mara chache haitunze moto tena hata ikichajiwa siku nzima. Njo maana batri mpya inaweza kufa ndani ya miezi michache kwenye gari inayolala njiani kila wiki.

Batri ya aina ya pili, ile ya kazi ya polepole, ina sahani nene. Haina nguvu kubwa ya ghafla, lakini inakubali kutoa kidogo kidogo usiku kucha na kujazwa tena, mara mamia. Ni ndugu ya zile zinazowekwa kwenye nyumba zenye pano ya jua. Hiyo ndiyo inayofaa kuwa batri ya pili.

Kwanza, kujua gari iko na volti ngapi

Kuna mtego mmoja ambao umeharibu batri nyingi. Mtu anafungua kapo, anaona batri mbili, anasema: "Gari yangu tayari iko na batri ya pili." Mara nyingi si kweli. Baadhi ya magari ya mazuti yana batri mbili zilizounganishwa pamoja, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ili kusaidiana kuzungusha motere nzito. Zote mbili zinakauka kwa pamoja. Mengine, na karibu malori yote makubwa, yana batri mbili zilizofuatana, chanya ya moja ikiingia kwenye hasi ya nyingine, ili zitoe volti 24.

Kwenye lori la volti 24, watu wengi wanatoa waya kwenye batri moja tu ili wapate volti 12 za redio ao za kuchaji simu. Inafanya kazi, na ndiyo maana wanaendelea. Lakini batri ile moja inashuka kila siku kuliko mwenzake, na alternateri haijui: inazichaji zote mbili kama moja. Moja inabaki na njaa, nyingine inashibishwa kupita kiasi mpaka inachemka. Mwisho zote mbili zinakufa. Kinachotakiwa pale ni kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12, kinachochukua umeme kwenye batri zote mbili kwa usawa.

Kujua ni rahisi: multimetre, kile kipimo kidogo ambacho kila fundi wa redio anacho, ikiwekwa kwenye waya unaoenda kwenye demarere na kwenye mwili wa gari, itaonyesha karibu 12 ao karibu 24.

Kuhesabu usiku mmoja

Kabla ya kununua kitu chochote, mwenye gari anapaswa kuhesabu anachotaka kutumia. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Wati za kifaa zikigawanywa kwa volti 12 zinatoa ampere. Ampere zikizidishwa kwa saa zinatoa ampere-saa, ambazo kwenye batri zinaandikwa Ah.

Tuchukue gari yenye watu wanne, kwa siku moja na usiku wake. Taa mbili ndogo za LED za wati 5, kwa saa 4, zinakula kidogo zaidi ya Ah 3. Simu moja ya kisasa inakula karibu Ah 2 mpaka ijae. Simu nne ni Ah 8. Kompyuta ya mkononi ya wati 60 kwa saa 2, ikipitia konvertisere ambayo nayo inapoteza kidogo, ni karibu Ah 12. Jumla mpaka hapa ni Ah 23.

Sasa iongezwe friji ndogo ya gari, ya lita 40 hivi. Motere yake inavuta karibu wati 45 inapozunguka. Kwenye joto, tuseme inazunguka nusu ya muda. Ni karibu Ah 45 kwa saa 24. Kwa ghafla jumla imeruka kutoka 23 hadi 68. Friji peke yake inakula karibu mara mbili ya vitu vingine vyote pamoja. Ndiyo inayoamua ukubwa wa batri.

Kuna kanuni moja zaidi. Batri ya risasi iliyoandikwa Ah 100 haipaswi kutumiwa zaidi ya nusu, kama mwenyewe anataka idumu. Kwa hiyo batri ya Ah 100 inatoa kwa kweli Ah 50. Kwa watu wanne bila friji, inatosha usiku mbili. Pamoja na friji, haifiki hata siku moja nzima.

Hesabu hii ni ya muhimu zaidi kwa magari yanayobeba wagonjwa. Mashine ya kutengeneza oksijeni inaweza kuvuta wati 350. Kwenye volti 12, pamoja na kile konvertisere inachopoteza, ni zaidi ya ampere 30. Nusu salama ya batri ya Ah 100 inaisha ndani ya saa moja na nusu, ao mapema zaidi, kwa sababu batri ya risasi inatoa kidogo kuliko ilivyoandikwa pale inapovutwa kwa nguvu. Gari iliyokwama usiku kucha haiwezi kumtegemeza mgonjwa kwa mashine hiyo. Ni lazima kubeba chupa ya oksijeni pia, na kujua hilo kabla ya kuondoka.

Na juu ya chanjo: nyingi zinatakiwa kukaa kati ya digrii 2 na 8. Friji ya gari ya kupozea vinywaji haikutengenezwa kulinda kiwango hicho, na inaweza hata kugandisha baadhi ya chanjo na kuziharibu. Sanduku la baridi lenye vipande vya barafu, lile la vituo vya afya, linabaki kuwa njia ya kuaminika. Batri ya pili inaweza kusaidia taa na mawasiliano ya timu, lakini haichukui nafasi ya sanduku.

Namna nne za kutenga batri mbili

Moyo wa kazi yote ni hapa. Batri ya pili inapaswa kupata umeme wa alternateri wakati motere inazunguka, na kutengwa kabisa na ya kwanza wakati motere imezimwa. Kuna njia nne zinazojulikana.

Ya kwanza ni swichi kubwa ya mkono. Dereva anaiwasha akitembea, anaizima akisimama. Ni ya bei ndogo na haina cha kuharibika. Ugonjwa wake ni mmoja: kusahau. Dereva aliyechoka, aliyefika saa nne ya usiku ndani ya mvua, atasahau siku moja, na siku hiyo batri zote mbili zitakauka.

Ya pili ni rele, yaani swichi inayojifunga yenyewe kwa umeme. Inapewa waya mdogo kutoka alternateri, mahali pale panapowasha taa nyekundu ya batri kwenye dashibodi. Motere ikizunguka, rele inaunganisha. Motere ikizimwa, inatenga. Isiunganishwe kwenye kontakte tu, maana kuna wanaoacha kontakte ikiwa wazi ili wasikilize muziki, na hapo batri zinabaki pamoja.

Ya tatu ni rele inayopima volti. Yenyewe inangoja batri ya kwanza ifike karibu volti 13.3, alama kwamba alternateri inafanya kazi na batri ya kwanza imepata sehemu yake, ndipo inaunganisha. Volti zikishuka karibu 12.8 inatenga. Haihitaji waya kutoka alternateri. Kwa Land Cruiser za zamani na magari mengine ambayo alternateri yake inatoa volti 14 bila kubadilika-badilika, inafanya kazi vizuri kwa miaka.

Ya nne ni chaja ya kati, kifaa kinachochukua umeme wa batri ya kwanza, kinaupandisha ao kuushusha, na kuupeleka kwenye ya pili kwa kipimo ambacho batri hiyo inataka. Ni ghali kuliko zote. Lakini ni ya lazima kwa hali mbili. Kwanza kwa magari mapya ambayo kompyuta yao inapunguza nguvu ya alternateri ili kuokoa mafuta. Rele haitaona volti za kutosha. Pili kwa batri za litiamu.

Litiamu: nyepesi, nzuri, na inayodai heshima

Batri za litiamu za aina ya fosfati ya chuma zimeanza kuonekana kwenye maduka ya vifaa vya jua. Ah 100 ya risasi ina uzito wa kilo 25 hadi 30. Ya litiamu ni karibu nusu ao chini ya hapo. Inakubali kutumiwa asilimia 80 ao zaidi bila kuharibika, na inadumu mara nyingi kuliko ya risasi. Kwa gari ya watu wanne na friji iliyohesabiwa hapo juu, litiamu moja ya Ah 100 inatosha.

Wakaaji wa Kongo wana sababu nyingine ya kuijua. Kobalti inayochimbwa Lualaba inaingia kwenye batri nyingi za simu na za magari ya umeme, lakini aina hii ya fosfati ya chuma haitumii kobalti hata kidogo. Inatumia litiamu, ile ambayo akiba yake kubwa iko Manono, katika jimbo la Tanganyika.

Hatari yake kwenye gari ni hii. Litiamu haina upinzani kama risasi: ikiunganishwa moja kwa moja na rele, inavuta kila kitu ambacho alternateri inaweza kutoa, bila kupumzika. Kwenye barabara ya lami, upepo unapoza alternateri. Kwenye matope, gari inatembea kilomita 10 kwa saa, motere ina joto, upepo hakuna. Alternateri inaweza kuungua. Chaja ya kati inazuia jambo hilo kwa kuchukua ampere 20 ao 30 tu na kuacha nafasi. Tena, litiamu haipendi joto la chini ya kapo. Iwekwe ndani, nyuma ya viti.

Waya na fyuzi: hapo ndipo gari inapoungua

Kosa linaloonekana zaidi ni waya mwembamba. Fundi anatumia waya wa nyumba, taa zinawaka, kila mtu anafurahi. Lakini batri ya nyuma haijai kamwe. Sababu ni hesabu nyingine ndogo. Kutoka kapo mpaka nyuma ni mita 6, kwenda na kurudi ni 12. Ampere 30 zikipita kwenye waya wa shaba wa milimita mraba 6, karibu volti 1 nzima inapotea njiani na kugeuka joto. Alternateri inatoa 14, batri inapata 13, na kwa 13 batri ya risasi haiwezi kujaa. Kwa waya wa milimita mraba 25, kinachopotea ni robo ya volti.

Waya uwe wa shaba. Siku hizi kuna unaouzwa kama shaba, kumbe ndani ni aluminiumu iliyopakwa rangi ya shaba juu. Kujua ni kukwangua uzi mmoja kwa kisu: ukitoka mweupe ndani, si shaba.

Kisha fyuzi, ile ambayo mafundi wengi wanaita fizibli. Waya unaounganisha batri mbili una umeme kutoka pande zote mbili. Ukikatwa ao kusuguliwa na chuma cha gari katikati, kila batri itamwaga mamia ya ampere mahali pale. Kwa hiyo fyuzi ziwe mbili, moja karibu na kila batri, ndani ya sentimita 20 hivi. Fyuzi iliyowekwa mbali inalinda tu sehemu inayoifuata. Ukubwa wake unachaguliwa kulingana na waya, si kulingana na hamu ya mwenye gari: kwa waya wa milimita mraba 16, ampere 60 inatosha. Fyuzi inayoungua kila mara inasema kuna shida. Anayeiondoa na kuweka kipande cha waya amenyamazisha aliyekuwa anamwonya.

Kila tundu la mwili wa gari ambamo waya unapita liwekewe mpira, na waya uvalishwe bomba la plastiki. Barabara za huku zinatikisa gari saa 10 kwa siku. Chuma kitakula ganda la waya polepole bila mtu kuona. Na waya wa hasi ufungwe kwenye chuma safi kilichokwanguliwa rangi.

Mahali pa kuiweka

Batri ya kilo 25 ambayo haikufungwa ni jiwe linalongoja ajali. Ifungwe kwa chuma na bolti kwenye mwili wa gari, si kwa kamba ya mpira. Kuifunga sana kunaiongezea maisha pia, maana mtikiso unavunja sahani za ndani.

Batri ya risasi inayofunguliwa na kuongezwa maji inatoa hewa ya hidrojeni inapochajiwa. Hewa hiyo inalipuka kwa cheche ndogo. Haipaswi kukaa ndani pamoja na abiria, na kwa vyovyote isikae pamoja na bidoni za mafuta. Hili si jambo la vitabuni tu: magari mengi ya safari ndefu yanabeba bidoni nyuma, mahali pale pale ambapo watu wanataka kuweka batri. Kati ya viwili hivyo, kimoja kihamie nje, juu ya gari. Anayetaka batri ya risasi ndani atafute ile iliyofungwa kabisa, isiyoongezwa maji.

Kwa batri inayoongezwa maji, ni maji yaliyosafishwa kwa mvuke tu. Maji ya mto ao ya robine yana chumvi zinazoua sahani. Asidi ikiruka machoni ao kwenye ngozi, ni kuosha kwa maji mengi kwa dakika nyingi, kisha kumwona muganga.

Kufunga na kufungua nako kuna utaratibu: hasi inafunguliwa kwanza na inafungwa mwisho. Sababu ni kwamba funguo ikigusa mwili wa gari wakati hasi bado imefungwa, inakuwa kama waya wa kuchomelea, na mkono ulioshika uko hapo.

Kuchaji wakati gari imesimama

Alternateri inasaidia tu gari ikitembea, na batri ya risasi haina haraka. Nusu ya kwanza inaingia upesi, lakini sehemu ya mwisho inataka saa nyingi. Gari inayotembea saa moja kwa siku haitaijaza. Kuwasha motere usiku ili tu kuchaji ni kuchoma mazuti kwa faida ndogo, na ni hatari kwa waliolala ndani ikiwa moshi unaingia: ule moshi hauna harufu ya kuwaamsha, na unaua.

Hapa jua linasaidia. Pano ya wati 100, ikifungwa juu ya gari na regulatere yake, inaweza kurudisha Ah 25 hadi 30 kwa siku ya jua zuri. Siku ya mawingu mazito ni kidogo sana kuliko hapo. Kwa timu isiyo na friji, inatosha kukaa kijijini wiki nzima bila kuwasha motere. Pano isiwekwe kivulini hata kidogo: kivuli cha tawi moja ao cha bidoni kinaweza kupunguza sehemu kubwa ya nguvu yake.

Kusoma batri kwa volti

Mwisho, dereva anapaswa kujua kusoma. Batri ya risasi iliyopumzika saa chache bila kazi: volti 12.7 imejaa, 12.2 ni nusu, wakati wa kuzima friji. Chini ya 11.9 imekauka na inaharibika kila saa inayopita. Motere ikizunguka, kipimo kionyeshe kati ya 13.8 na 14.4. Kikionyesha 12.5 motere ikizunguka, alternateri haichaji, na safari ndefu isianzwe. Kwa litiamu namba hizi hazifai: inabaki juu ya volti 13 karibu mpaka mwisho, kisha inaanguka ghafla.

Wengine wanataka batri ya pili isaidie pia kuwasha gari siku ya kwanza ikikataa. Inawezekana kwa kebo za kusaidiana za kawaida, chanya kwa chanya, na hasi kwenye chuma cha motere. Lakini haifanywi kupitia rele ndogo na waya wa kuchaji. Demarere itavuta mamia ya ampere, na fyuzi ya 60 itakatika. Ni jambo jema ikikatika. Basi kebo nene za kusaidiana ziwe ndani ya gari siku zote.

Batri iliyokufa bado ni hatari

Batri nzee hazipaswi kuvunjwa nyumbani ili kuyeyusha risasi. Vumbi na moshi wake vinaingia kwenye damu ya watoto na kuharibu ubongo. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, Senegali, watoto 18 walikufa kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 katika mtaa ambapo watu walikuwa wanatafuta risasi ya batri nzee kwenye udongo. Muuzaji anayepokea batri nzee ikiwa nzima na kupunguza bei ya mpya ni bora kuliko kilo chache za risasi zilizoyeyushwa nyuma ya jiko.

Kwa asubuhi ile kwenye foleni ya matope, yote haya yanafika kwenye jambo moja. Usiku, simu zilichajiwa, taa iliwaka, mama alionekana na aliyekuwa karibu naye aliweza kumhudumia. Batri ya nyuma imeshuka mpaka 12.2 na mtu ameizima. Saa kumi na moja dereva anageuza ufunguo. Batri ya mbele haikuguswa usiku kucha. Motere inawaka mara ya kwanza, na gari iko tayari kuvutwa kutoka kwenye shimo.